Kupanda ngome ya Dinas Brân: mwongozo wa kwenda, kupanda na kuzunguka Llangollen kwa miguu

Castell Dinas Brân ni magofu ya ngome ya karne ya 13, juu ya kilima cha mita 320 kinachouangalia mji mdogo wa Llangollen, kaskazini-mashariki mwa Wales. Kuingia ni bure. Hakuna dirisha la tiketi, hakuna saa ya kufungua wala kufunga, hakuna mlinzi, hakuna choo, hakuna duka la maji, na ukingo wa handaki lake hauna uzio. Wanaoshuka wakinung'unika kwamba "kumbe ni mawe tu" ni wale waliopanda mikono mitupu. Chochote utakachohitaji kule juu unapanda nacho, na hapo nahesabu pia kujua unachokitazama.

Mwongozo huu ni kwa ndugu wanaoishi Uingereza na wageni wao wanaotoka nyumbani kuja kuwatembelea. Ukiwa Birmingham, Manchester au Liverpool unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ukitoka London inawezekana pia, lakini utatumia muda mwingi kwenye treni kuliko kilimani, kwa hiyo afadhali ulale usiku mmoja.

Hatua ya kwanza: chagua siku

Kuanzia Aprili hadi Oktoba ndio wakati mzuri, na mimi ningechagua Mei. Siku zimeshakuwa ndefu, majani ni mapya, kondoo wana watoto, na umati wa likizo za shule bado haujafika. Mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, hivyo hata ukifika mchana huna haja ya kukimbizana. Desemba ni kinyume chake: saa kumi alasiri giza linaingia, na kushuka kilima hiki gizani si mchezo.

Unapoangalia utabiri wa hali ya hewa, tazama upepo kabla ya mvua. Mvua ya huko mara nyingi ni manyunyu, unavaa koti na maisha yanaendelea. Upepo ndio wa kuogopwa, kwa sababu kilima kimesimama peke yake katikati ya bonde na hakuna kitu cha kuukinga. Utabiri wa Uingereza huonyesha namba mbili, kasi ya kawaida na ile ya upepo wa ghafla. Namba ya pili ikizidi maili 40 kwa saa, nenda ukatembee kando ya mfereji wa mashua unaopita mjini na kilima ukiache kwa siku nyingine. Ukiwa na watoto wadogo, punguza zaidi ya hapo.

Jambo moja la kalenda: kila mwaka mwezi wa Julai Llangollen huwa na tamasha la kimataifa la muziki na ngoma, Eisteddfod, lililoanza mwaka 1947. Kwaya huja kutoka kila pembe ya dunia. Mwaka 1955 Luciano Pavarotti, akiwa kijana asiyejulikana, aliimba hapo na kwaya ya mji wake wa Modena pamoja na baba yake, wakashinda. Ukipenda kwaya, panga safari wiki hiyo. Usipopenda, ikwepe, maana vyumba hujaa na bei hupanda.

Hatua ya pili: mavazi na mkoba

Viatu ndivyo vinavyoamua siku yako itakwendaje. Buti za kupandia milima si lazima, ila soli iwe na meno. Njia ina nyasi zenye umande, tope, mawe yaliyolainishwa na nyayo za watu, na kinyesi cha kondoo kisichohesabika. Raba nyeupe za mjini zitarudi zikiwa na rangi nyingine, na ndala zibaki nyumbani.

Nguo zivaliwe kwa matabaka: fulana, sweta, kisha koti jepesi linalozuia upepo na maji. Utatoka jasho wakati wa kupanda, halafu ukifika juu jasho hilo hilo litakugeukia baridi ndani ya dakika tano. Jinzi zikilowa hazikauki siku hiyo, kwa hiyo suruali ya kitambaa chepesi ni bora. Kwa kina mama, dera au buibui refu linafaa kabisa mjini na kando ya mfereji, lakini kilimani utalikanyaga kwenye ngazi, na ukifika juu upepo utaligeuza tanga. Vaa suruali ndani, ulipandishe na kulifunga kiunoni.

Kwenye mkoba weka maji angalau lita moja kwa kila mtu, chupa ya chai ya moto, na chakula kinacholiwa bila kijiko. Chapati iliyokunjwa na mayai ndani inavumilia safari ya treni kuliko sandwichi yoyote. Anayekula halali na abebe chake, maana mji ni mdogo na chaguo si nyingi. Kofia ya kufunika masikio weka hata mwezi wa Julai. Simu iwe imejaa chaji na ramani iwe imepakuliwa, kwa kuwa mtandao hukatikakatika mabondeni. Ukitaka kufanya mzunguko mrefu, nunua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey ya kipimo cha 1:25,000. Inaonyesha kila uzio na kila njia ya miguu.

Hatua ya tatu: kufika

Llangollen haina kituo cha treni za kawaida. Kituo cha karibu ni Ruabon, kama kilomita 10 upande wa mashariki, kwenye reli ya Shrewsbury kwenda Chester. Kutoka Birmingham New Street kuna treni za moja kwa moja, na safari ni chini ya saa mbili. Kutoka Manchester au Liverpool unabadilisha Chester. Kutoka London, panda Euston na ubadilishe Chester, au upitie Birmingham.

Ruabon ni kituo kidogo, usitegemee kukuta mtu wa kumuuliza. Basi la T3, linalotoka Wrexham kwenda Barmouth pwani, linapita Ruabon na Llangollen. Safari ni fupi, lakini mabasi si ya mfululizo, na Jumapili hupungua sana. Angalia ratiba ya kurudi kabla hujaondoka nyumbani, na uandike saa ya basi la mwisho mahali utakapoiona. Jina la mji likikushinda kutamka, mwonyeshe dereva maandishi tu. Wameshazoea.

Wenye gari waache gari kwenye maegesho ya kulipia mjini. Kule juu karibu na ngome hakuna maegesho, na vichochoro vya huko ni vyembamba kiasi kwamba magari mawili yakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Ukiona neno ARAF limeandikwa kwa rangi barabarani, unaambiwa upunguze mwendo.

Kabla ya kuanza kupanda, pita kwenye vyoo vya umma mjini na ujaze chupa za maji. Kuanzia hapo hakuna kingine.

Hatua ya nne: kupanda

Kutoka mtoni hadi kileleni unapanda kama mita 220 kwenda juu. Mtu mwenye pumzi anatumia dakika 45, na anayesimama kupiga picha na kumsubiri mjomba anatumia saa moja na robo. Usijilinganishe na wenyeji. Utapitwa na bibi wa miaka sabini na mbwa wake, atakusalimia bila hata kuhema, na hilo ni jambo la kawaida.

1. Anzia kwenye daraja la mawe katikati ya mji, la karne ya 16, linalovuka mto Dee. Wenyeji huuita mto huo Dyfrdwy. Simama kidogo utazame chini: maji ni meusi kama chai ya rangi, yanapita kwa kasi juu ya mabamba ya mwamba yaliyolala mshazari. Vuka uende ng'ambo ya kaskazini.

2. Vuka barabara kuu kwa uangalifu na upande kilima kifupi mpaka gatini kwenye mfereji. Hapo kuna mgahawa na boti zinazovutwa na farasi. Usikae sasa hivi, utarudi.

3. Vuka mfereji kwenye daraja lake dogo, utafute kibao cha Castell Dinas Brân. Vibao vingine huiita Crow Castle, ni palepale. Njia inapanda kando ya shule ya sekondari iliyopewa jina la ngome, ikipita kati ya ua na uzio. Ni nyembamba na inaanza kukuchosha mapema.

4. Utavuka njia ndogo ya magari na kuendelea kupanda. Kuna vigeti vya kupitisha mtu mmoja mmoja: unaingia, unakisukuma upande wa pili, unatoka. Mwenye mkoba mkubwa auvue kwanza, la sivyo atakwama humo ndani watu wakimwangalia.

5. Ukishapita geti la mwisho uko kilimani penyewe, hakuna nyumba tena wala miti. Mbele yako kuna nundu ya kwanza ambayo wengi hudhani ndiyo kilele. Siyo. Ukiifikia unaiona ngome bado iko juu yako, na mteremko uliobaki ndio mkali kuliko yote.

6. Sehemu hiyo ya mwisho fuata njia inayopinda kulia na kushoto. Utaona watu wanakata moja kwa moja kwenye nyasi, nawe utatamani kufanya hivyo. Acha. Nyasi zikilowa zinateleza, na mikato hiyo ndiyo inayobomoa udongo wa kilima. Panda hatua fupi fupi, pumua kwa pua, simama kila kona.

Asiyeweza mteremko huu anaweza kuletwa na gari hadi kwenye kichochoro cha upande wa mashariki, chini ya majabali, na kupanda kutoka huko. Umbali ni mfupi zaidi, ingawa ukali wa mwisho haukwepeki. Na kama mzazi aliyekuja kukutembelea ana magoti mabovu, mwache gatini na kikombe cha chai. Ngome anaiona vizuri kutoka pale pale.

Hatua ya tano: kuyasoma mawe

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza safari. Wanafika, wanapiga picha mbili, upepo unawasukuma, wanashuka. Jipe nusu saa. Mpango wa ngome ni rahisi: mstatili mrefu ulionyooka mashariki hadi magharibi, na wewe uliyetoka mjini umeingilia upande wa magharibi.

Kwanza tembea uelekee mashariki mpaka ulione handaki. Limechongwa ndani ya mwamba wenyewe, upande wa mashariki na wa kusini, na kina chake kinafika kama mita 6. Kaskazini hakuna handaki kwa sababu mteremko wenyewe ni ukuta tosha. Mawe yaliyotolewa humo ndiyo yaliyojengea ngome, kwa hiyo mafundi walimaliza kazi mbili kwa jasho moja: shimo la kumzuia adui na tofali za kuta. Simama ukingoni, lakini si ukingoni kabisa, uone jinsi rangi ya mwamba wa chini na ya kuta zilizosalia inavyofanana.

Kona ya kaskazini-mashariki kuna mabaki ya lango kuu, lililokuwa na minara miwili pacha. Pembeni yake, upande wa mashariki, ndipo mnara mkuu ulipokuwa. Upande wa kusini unakuta kilichobaki cha ukumbi, ukuta wenye matundu makubwa ya madirisha ambao unaonekana kwenye kila kadi ya posta ya Llangollen. Kutoka hapo pia mnara mmoja unachomoza kuelekea handakini, mbele ukiwa umeviringwa na nyuma umenyooka. Huo ndio mtindo wa mabwana wa Wales wenyewe. Ngome maarufu za nchi hii, kama Conwy na Caernarfon, zilijengwa na mfalme wa Uingereza ili kuwakandamiza Wawelisi. Hii ilijengwa na Mwelisi.

Aliyeijenga, katika miaka ya 1260, anaaminika kuwa Gruffudd ap Madog, bwana wa Powys Fadog, nchi ya upande huu wa Wales. Alifariki karibu mwaka 1270, na wanawe wakaachiwa nchi iliyogawanywa vipande. Mwaka 1277 Mfalme Edward wa Kwanza akaivamia Wales, akamtuma Henry de Lacy, mtawala wa Lincoln, kuja upande huu. Jeshi lilipokaribia, tarehe 10 Mei, walinzi wa ngome waliitia moto wenyewe wakaondoka. De Lacy alipoingia akakuta kuta bado nzima, akamwandikia bwana wake kwamba Wales nzima hakuna ngome imara kuliko hii na Uingereza hakuna kubwa kuishinda. Alitaka ikarabatiwe. Haikukarabatiwa. Baada ya vita vya pili vya Edward na Wawelisi, vya 1282, eneo hili alipewa John de Warenne, mtawala wa Surrey, naye akaona afadhali ajenge Holt, tambarare, kando ya mto.

Kwa hiyo ngome hii ilitumika kwa muda usiofika hata robo karne, na imekuwa gofu kwa zaidi ya miaka 700. Ukishapanda na maji yako mgongoni unamwelewa de Warenne vizuri sana. Nani angekubali kupandisha kuni, unga na divai kila siku kwenye kilima kile, na vita vimeshakwisha?

Wala Gruffudd hakuwa wa kwanza kukipenda kilima hiki. Ukitazama nje ya kuta utaona matuta yaliyofunikwa na nyasi yakizunguka kilele. Ni boma la enzi za chuma, la mamia ya miaka kabla ya Kristo. Watu wengi huyakanyaga wakidhani ni umbo la kilima tu.

Sasa geuka utazame mbali. Kaskazini kuna majabali ya Eglwyseg, ukuta mweupe wa chokaa uliopangika kwa ngazi, kilomita kadhaa. Kusini-magharibi ni milima ya Berwyn. Mashariki nchi inalala tambarare kuelekea Uingereza. Bonde la mto Dee linapita chini yako, na ukiona moshi mweupe unatembea, hiyo ni treni ya mvuke ya watalii inayokwenda Corwen, kama kilomita 16 kutoka Llangollen.

Usipande juu ya kuta. Mawe yameachiana, upepo ni mkali, na ukiteguka kifundo cha mguu huko hakuna machela ya kukungoja. Watoto washikwe mkono upande wa handaki, bila mjadala.

Hatua ya sita: chagua njia ya kurudi

Ukishuka ulikopandia, umemaliza kwa saa mbili na nusu na basi lako linakusubiri. Inatosha. Lakini mimi huwaambia watu kwamba ngome ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni nchi inayoizunguka, na kuna mizunguko miwili ya kuchagua.

Wa kwanza ni mfupi, kama kilomita 10, na unaitwa Llangollen History Trail. Unaunganisha gati, ngome, abasia ya Valle Crucis na maporomoko ya Horseshoe, kisha unakurudisha mjini kwa njia ya mfereji. Kutoka ngomeni unashuka upande wa pili wa kilima, unapita mashamba ya kondoo na vijia vya wakulima, mpaka abasia. Wasomaji waliokulia karibu na Peramiho au Ndanda wanajua abasia inayoishi, yenye kengele, hospitali na karakana. Hii ya Valle Crucis ilinyamazishwa mwaka 1537, Mfalme Henry wa Nane alipozifunga nyumba za watawa. Ilianzishwa mwaka 1201 na Madog ap Gruffudd, baba yake Gruffudd mjenzi wa ngome, kwa ajili ya watawa wa Cistercian. Ukuta wa mbele bado umesimama na dirisha lake la duara, na nyuma lipo bwawa ambalo watawa walifugia samaki. Ni mahali pa kukaa na kula. Wenyewe ni Cadw, idara ya mambo ya kale ya Wales, kwa hiyo angalia saa za kufungua na kiingilio kabla. Ukiwa na dakika ishirini za ziada, endelea mbele kidogo uone nguzo ya Eliseg, jiwe lililosimikwa katika karne ya 9 na Cyngen, mfalme wa Powys, kumkumbuka babu wa baba yake. Ilivunjwa na kusimamishwa tena, na maandishi hayasomeki siku hizi.

Maporomoko ya Horseshoe si maporomoko hasa, usije ukakasirika. Ni kizuizi kirefu kilichopinda, kazi ya mhandisi Thomas Telford, kinachochepusha maji ya mto Dee kulisha mfereji. Mto unafurika juu yake kimya kimya. Kutoka hapo ni kama kilomita 3 tambarare hadi mjini, maji upande mmoja na kilima upande wa pili, mfereji mahali pengine ukiwa mwembamba na umekatwa ndani ya mwamba. Miguu iliyochoka inashukuru.

Mzunguko wa pili ni wa siku nzima, kama kilomita 16. Shuka ngome upande wa mashariki mpaka kichochoro kinachopita chini ya majabali, wanachokiita Panorama Walk, ugeuke kulia. Sehemu hii ni kipande cha njia ndefu ya Offa's Dyke, kilomita 285 kutoka kusini mwa Wales hadi kaskazini, na alama yake ni tunda la mwaloni. Ngome inabaki kulia kwako kwa muda mrefu, kila kona ikionekana na umbo jipya. Picha nzuri za Dinas Brân zinapigwa huku. Ukiwa kwenye ngome yenyewe huwezi kuipiga.

Njia inakushusha hadi Trevor, na hapo kuna daraja la Pontcysyllte. Lilijengwa kati ya 1795 na 1805 na Telford pamoja na William Jessop, nalo halibebi barabara wala reli. Linabeba mfereji: hori la chuma lenye maji, urefu wa mita 307, mita 38 juu ya mto, na mashua zinapita ndani yake. UNESCO iliutambua mfereji huu kuwa urithi wa dunia mwaka 2009. Waenda kwa miguu wana njia yao pembeni yenye reli ya kushikilia. Upande wa pili, ule wa mashua, hakuna reli yoyote, na aliyeketi kwenye mashua akichungulia anaona hewa tupu chini yake. Mwenye kizunguzungu cha urefu atazame mbele, ashike reli, atembee. Au abaki Trevor ale aiskrimu.

Kurudi Llangollen ni kama kilomita 7 kando ya mfereji, tambarare tupu. Miguu ikigoma, kuna mabasi yanayopita Trevor.

Vyovyote utakavyochagua, malizia gatini. Boti za kuvutwa na farasi zimekuwa zikibeba wageni hapa tangu 1884. Safari ni ya dakika 45 hivi, na farasi hana haraka kuliko wewe. Kama miguu imekufa, hicho ndicho chombo chako. Mjini onja *bara brith*, mkate wa matunda makavu yaliyolowekwa kwenye chai, uliopakwa siagi.

Adabu za njia

Njia nyingi hizi zinapita kwenye mashamba ya watu, na unaruhusiwa kupita kwa sheria, lakini kupita tu. Tafuta vibao vya *Llwybr Cyhoeddus*, yaani njia ya umma. Mshale wa njano ni wa waenda kwa miguu, wa buluu unaruhusu farasi na baiskeli pia. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, lililo wazi liache wazi. Mbwa afungwe kamba penye kondoo, hasa wakati wa kuzaa, maana mkulima ana haki ya kukasirika na wakati mwingine zaidi ya hapo. Usiwashe moto wala jiko la mkaa kilimani, hata kama mishikaki imeshatiwa viungo. Jioni jikague miguuni na nyuma ya magoti kama kuna kupe, hasa ukipita kwenye magugu.

Salamu zinatolewa. Kila unayepishana naye kilimani atasema neno, hata kama mjini angekupita kama mlingoti. Itikia.

Ikitokea mtu ameumia, piga 999 au 112, omba polisi, kisha waambie unahitaji waokoaji wa milimani. Wanaokuja ni watu wa kujitolea na hawatozi pesa. Taja jina la ngome na upande uliopo, umvike majeruhi nguo zote mlizonazo, na msihame mlipo.

Ukilala: siku ya pili Denbigh

Mwenye gari na siku ya pili apande barabara ya Horseshoe Pass, apitie Ruthin, aende Denbigh. Ni chini ya kilomita 40. Huko juu ya mji kuna ngome nyingine iliyobomoka, na mjenzi wake ni yule yule Henry de Lacy aliyeikuta Dinas Brân ikifuka moshi. Alipewa nchi hiyo mwaka 1282 akaanza ngome yake, na lango lake la minara mitatu ya pembe nane bado linatisha. Hii ni ya Cadw na ina utaratibu wa tiketi, kwa hiyo tazama saa zao.

Kwetu sisi kuna sababu ya ziada ya kufika. Katika kibanda kilichokuwa chini ya ngome hiyo, mwaka 1841, alizaliwa mtoto wa nje ya ndoa aliyeitwa John Rowlands, akakulia kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph. Baadaye alijiita Henry Morton Stanley. Ndiye aliyemfikia Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, na ndiye aliyemfungulia Mfalme Leopold mlango wa Kongo. Sanamu yake iliwekwa mjini mwaka 2011, akiwa amenyoosha mkono kama wa kusalimia. Imegombaniwa tangu hapo. Mwaka 2021 wakazi waliulizwa kwa kura kama iondolewe, na wengi waliopiga kura wakataka ibaki. Iko mbele ya maktaba, hatua chache kutoka barabara kuu, na ngome iko juu yake, mwendo mfupi wa kupanda.